Pwani ya Oregon siku nne, watu watano, na mmoja wetu hanywi: mnatushauri nini?

Mkaa_Mvuani

Wakuu, salama?

Tuko watano, wote tunaishi Portland na vitongoji vyake. Mwezi wa nane tumepanga kuchukua siku nne na gari moja la kukodi la viti saba, tushuke pwani ya Oregon kwa barabara ya 101 kuanzia Astoria kule juu hadi Brookings, mpakani na California. Tunafuata vitu viwili tu, bahari na bia. Na bia ninayosema siyo ile ya kwenye matangazo ya mpira. Nasema ya viwanda vidogo, ile unayokunywa huku pipa ilikotoka unaliona nyuma ya kioo. Nimekesha na ramani usiku mbili na nimeshatia alama vituo kumi na vinne.

Sasa shida iko hapa. Katika watano, mmoja hanywi. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wiki iliyopita kwenye grupu la WhatsApp jamaa mmoja kaandika "dereva tunaye", watu wakamwaga vicheko, shemeji akasoma akauchuna. Leo siku ya sita. Mke wangu hajasema neno, ila chai ya asubuhi siku hizi najipikia mwenyewe.

Naomba waliowahi kupita huko wanishike mkono. Siku nne zinatosha? Vituo gani nikiviruka nitajuta? Na hili la usukani nyinyi mlilimalizaje, maana kukodi gari pamoja na dereva kwa siku nne hatuna ubavu huo.

Nawasilisha.

Bahasha_Ya_Kaki

Vituo kumi na vinne kwa siku nne? Mkuu, hiyo siyo safari, hiyo sensa.

Chai_Ya_Tangawizi

Mkaa, mimi ndiye shemeji yako. Usishtuke, siyo yeye hasa, ila mwaka juzi nilikuwa yeye. Sinywi, sijawahi kunywa, na nilipelekwa pwani hiyohiyo na watu wanne wanaokunywa kwa sababu mtu alisema maneno yaleyale ya "dereva tunaye". Kwa hiyo nitakujibu kutokea upande wa usukani, na nitasema mengi kwa sababu nimeyaweka moyoni muda mrefu.

Siku ya kwanza tuliifanya kama unavyotaka wewe. Tulitoka Portland saa tatu asubuhi kwa barabara ya 30, saa tano tuko Astoria. Wakaonja. Tukashuka Cannon Beach, wakaonja tena. Katikati palikuwa na kituo kingine ambacho hata jina silikumbuki, nakumbuka benchi lake tu na soda yangu ya tatu. Saa kumi na moja jioni nikajikuta nina watu wanne wanaoongea kwa pamoja, mmoja anaomba tusimame kila baada ya dakika kumi, lori la magogo liko mbele yangu, na ukungu umeshuka hadi kwenye lami. Tulikuwa tunapanda Neahkahnie, mahali barabara ilipochongwa ubavuni mwa mlima na bahari iko chini huko, mbali kabisa, nyuma ya kaukuta kafupi ka mawe. Wenzangu wanapiga kelele "ona! ona!" Mimi nimeona nini? Nimeona mstari wa njano. Mtu wa usukani kwenye kona zile bahari anaisikia kwa wenzake.

Tulipoteremka Manzanita nikaingiza gari pembeni, nikazima, nikaweka ufunguo juu ya paa. Nikawaambia leo gari haliendi popote. Moteli iliyokuwa na nafasi ilikuwa ghali, tukalala watano vyumba viwili, na usiku ule nilisemwa sana nikiwa bafuni maji yanamwagika, wakidhani sisikii. Lakini asubuhi tulikaa chini na tukaandika upya safari nzima nyuma ya risiti ya petroli. Sheria ilikuwa moja: gari ni la asubuhi, bia ni ya jioni, na tunalala mahali ambapo kutoka kwenye glasi hadi kwenye mto ni kwa miguu. Ukishafanya hivyo, anayekunywa na asiyekunywa wote wanaweza kushika usukani kesho yake, na mimi nikawa abiria kama binadamu wengine.

Kiti nacho kina hesabu yake. Huku tunaendesha kulia. Ukishuka kutoka kaskazini kwenda kusini, bahari iko kuliani kwako njia nzima na sehemu za kuegesha ziko upande wako, huhitaji kukatiza magari yanayokuja. Kwa hiyo anayeona vizuri kuliko wote ni abiria wa mbele. Sisi tulikiita "kiti cha bahari". Aliyeendesha leo, kesho kiti cha bahari ni chake, hakuna mjadala. Utashangaa watu wazima wanavyogombea kuendesha wakijua malipo yake ni hayo.

Vituo sasa. Futa kumi, baki na vinne.

Usiku wa kwanza lala Astoria. Kiwanda cha Fort George kiko katikati ya mji, pale ilipokuwa ngome ya wafanyabiashara wa manyoya ya mwaka 1811, na kutoka hapo unatembea hadi mtoni. Daraja la Astoria–Megler liko pale juu ya mto Columbia, kilomita sita na nusu, la tangu 1966, na ukilitazama jioni linaonekana kama mtu alianza kuchora mstari akasahau kunyanyua kalamu. Tahadhari moja: simba-bahari. Wanalala kwa mamia kwenye magati ya upande wa mashariki na wanabweka usiku kucha. Ukichukua chumba cha karibu na maji kwa ajili ya mandhari, utayapata na mandhari na kwaya.

Kesho yake asubuhi Cannon Beach, kabla ya watu. Angalia jedwali la maji kwanza, nenda maji yakiwa yamekupwa, utaufikia mwamba wa Haystack kwa miguu na kuona nyota za bahari na vikonokono kwenye madimbwi yake. Mwezi wa nane mwanzoni unaweza kubahatisha kuwaona wale ndege wenye midomo ya rangi ya chungwa kabla hawajaondoka. Kuupanda mwamba ni marufuku.

Hapa niseme kisa. Wenzetu wawili walitufuata siku ya pili na gari lao kutoka Portland. Tukakubaliana tukutane "Haystack Rock, saa sita mchana". Saa sita ikafika, sisi tupo ufukweni, wao hawapo. Mtandao unakuja na kuondoka. Wanatuma picha ya mwamba mkubwa baharini, sisi tunatuma picha ya mwamba mkubwa baharini, kila upande unauliza "mbona siwaoni?" Mmoja wao akaandika "nimesimama mbele yake kabisa, nimevaa koti jekundu", na sisi watano tukazunguka ufukwe mzima tukitafuta koti jekundu. Kumbe Haystack Rock siyo moja! Ya Cannon Beach ina mita 72 na ndiyo maarufu. Nyingine iko Pacific City, ndefu zaidi, inakaribia mita mia, lakini imesimama ndani ya maji huwezi kuigusa. Kati ya mwamba na mwamba ni kama kilomita mia moja kwa barabara. Wao walikuwa Cannon Beach, sisi tulikuwa Pacific City. Tukaambiwa tusubiri.

Na kule kusubiri ndiko kulikonipa safari yangu. Pacific City kuna baa ya kiwanda cha Pelican, iko pale tangu 1996, imekaa mchangani kweli, ukitoka mlangoni viatu vinaingia mchanga. Walevi wangu wakakaa hapo. Mimi nikaenda kukaa kwenye jiwe, na nikaona kitu ambacho hakuna aliyenitajia. Pale hakuna bandari. Wavuvi wana boti za chini bapa, wanazisukuma moja kwa moja kutoka ufukweni na kuingia kwenye mawimbi. Kurudi ndiko kunakotisha. Boti inakuja kutoka nje kwa mwendo wote, inapiga honi mfululizo, watu wa kuogelea wanakimbia huku na huku kama kuku, na mvuvi hapunguzi. Anapanda na wimbi, anapiga mchanga kishindo, boti inateleza juu ya nchi kavu mita kadhaa na kusimama kama vile imeegeshwa. Anashuka mzee, anachomoa ufunguo, anauweka mfukoni. Nikatazama sita zikiingia. Wenzetu wa koti jekundu walipofika baada ya karibu saa mbili nilitamani wachelewe zaidi.

Lakini kabla ya Pacific City mtapita Tillamook, na Mkaa, nakuomba usipite tu. Pale kuna kiwanda cha bia cha De Garde. Mimi sinywi lakini ile sehemu nimeielewa kuliko wao. Viwanda vingi vinanunua hamira. Hawa hawanunui. Wanachemsha maji ya kimea, kisha usiku wanayaacha yapoe kwenye chombo kipana kilicho wazi, na hewa ya pale pwani inaleta hamira na bakteria wake yenyewe. Baada ya hapo ni mapipa ya mbao, miezi, wakati mwingine miaka. Inasemekana kabla hawajachagua mji waliweka sampuli sehemu mbalimbali za pwani waone hewa ya wapi ina ladha nzuri, na wakaangukia Tillamook. Mhudumu aliniona nimekaa bila glasi akaniletea moja ninuse tu. Ilinuka ndimu iliyosahauliwa kwenye kabati la mbao, na kwa mbali harufu ya mtindi. Nilinusa mpaka rafiki yangu akainyang'anya. Angalia siku zao za kufungua kabla hujaenda, siyo kila siku.

Mji huohuo kuna kiwanda cha jibini cha ushirika wa wafugaji, wa tangu 1909, unaangalia kutoka juu kupitia vioo jinsi matofali ya jibini yanavyokatwa. Hapo wao walinisubiri mimi. Nilikaa makusudi.

Usiku wa tatu sisi tulilala Yachats, na ile ramani yako kama ni ya zamani kidogo ina kiwanda cha Rogue pale Newport, kifute, walifunga Novemba 2025. Njiani simameni Depoe Bay, kuna ukuta wa mawe kando ya barabara, mnaegemea mnatazama nyangumi. Wa kijivu wengi hupita wakienda na kurudi Alaska, ila wachache hubaki pwani hii kiangazi chote wakila, kwa hiyo mwezi wa nane siyo bahati mbaya kabisa. Na mkifika mnara wa taa wa Yaquina Head, wa 1873, msiishie kupiga picha mnara. Shukeni ngazi hadi ufukwe wa kokoto. Zote nyeusi, za mviringo, na wimbi likirudi nyuma zinagongana. Ule mlio sijui niufananishe na nini. Kama ukumbi mzima unapiga makofi, lakini wote wamevaa glovu. Tulinyamaza pale wote, hata yule wa kusimama kila dakika kumi.

Usiku ule wenzangu walikunywa makopo waliyokuwa wameyanunua njiani, wamekaa nje ya moteli wamejifunika mablanketi. Mwezi wa nane! Baridi ya huko haina adabu, beba koti.

Asubuhi ya nne rudini Newport, shikeni barabara ya 20 mpaka Corvallis, mchana mko nyumbani. Brookings acha.

Na shemeji yako mpigie simu. Usimwandikie kwenye grupu.

Pipa_Tupu

Dada Chai kasema vizuri, nina neno moja la kuongeza kwenye hilo la "kesho yake wote wanaweza kuendesha". Nimehudumu baa ya kiwanda miaka mitano, na hapo ndipo watu wanapokamatwa.

Bia hizi siyo zile mlizozoea. Kipimo cha kawaida Marekani ni gramu 14 za kilevi, yaani kopo la mililita 355 la asilimia 5. Sasa chukua glasi kubwa ya pale, mililita 473, ya IPA nzito (aina ya bia chungu) ya asilimia 8. Hiyo peke yake ni vipimo viwili na kidogo. Halafu kuna ule ubao wa vionjo. Vinakuja vinne vidogo vizuri kama vya watoto, kila kimoja kama mililita 120, mtu anasema "nimeonja tu". Vijumlishe: ni glasi kubwa nzima. Mbao tatu kwa siku ni glasi tatu, na kwa kawaida mtu wa vionjo anachagua zile kali ndiyo aone tofauti.

Mwili unaondoa kama kipimo kimoja kwa saa, hapo tunakadiria, watu wanatofautiana. Aliyefikisha vipimo kumi akaweka glasi chini saa sita usiku, saa mbili asubuhi anaweza kuwa bado anayo damuni. Kahawa haiondoi, kuoga hakuondoi, mayai hayaondoi. Oregon kikomo ni 0.08 lakini ukionekana hujimudu wanaweza kukushtaki hata chini ya hapo. Kwa hiyo wa zamu ya asubuhi anaacha mapema usiku uliotangulia. Na makopo mliyonunua yakae kwenye buti, yakiwa hayajafunguliwa. Kopo lililofunguliwa likiwa mkononi mwa abiria ni kosa, hata kama dereva hajawahi kuonja bia maishani.

Vitambulisho bebeni wote, umri ni miaka 21, na mtu mwenye mvi anaweza kuulizwa. Kwa asiye na kitambulisho cha hapa, pasipoti.

Sasa tukiacha polisi. Kama likizo inasogezeka, nendeni Septemba, baada ya ile Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Watoto wamerudi shule, vyumba vinapungua bei, na ukungu mara nyingi umepungua. Halafu ndiyo wakati wa bia za hopsi mbichi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Hopsi kwa kawaida hukaushwa, lakini mwishoni mwa Agosti na Septemba ndiyo mavuno yenyewe, na viwanda vya Oregon vinakimbiza mzigo kutoka shambani mpaka kwenye sufuria ndani ya siku moja. Inaonja kama majani yaliyokatwa sasa hivi. Baada ya wiki chache ladha ile inakufa, huwezi kuipata Krismasi. Na mkirudi kwa barabara ya 20 mkapita Corvallis, jueni mnapita mji ambako hopsi ya Cascade ilizalishwa, ikatolewa kwa wakulima 1972. Ile harufu ya balungi kwenye bia nyingi za Marekani imeanzia hapo kwa sehemu kubwa.

Bwana_Ukungu

Mimi napinga hilo la "Brookings acha". Nilifanya kazi ya samaki huko kusini misimu miwili. Watu wa Portland wote wanaishia Yachats halafu wanasema wameiona pwani ya Oregon. Hawajaiona. Kuna kipande cha hifadhi kinaitwa Samuel H. Boardman, urefu wake kama kilomita 19, kabla ya kufika Brookings, kila baada ya dakika tano kuna mahali pa kusimama: matao ya mawe baharini, vighuba vidogo ambavyo maji yake yana rangi ya chupa, misitu inayoteremka mpaka kwenye ukingo wa jabali. Hakuna kitu kaskazini kinachokaribia hapo.

Ila nakubali kwamba huwezi kuunganisha. Astoria hadi Brookings ni kama kilomita 550, kikomo kwa sehemu kubwa ni maili 55 kwa saa, na ukikuta nyumba ya magurudumu mbele yako ni 40. Halafu kutoka Brookings kurudi Portland ni karibu saa sita nyingine. Basi chagua: ama kaskazini na bia nyingi, ama kusini na bia chache. Kusini ukitoka kiwanda cha 7 Devils cha Coos Bay, vituo vinaachana mbali. Mimi ningekwenda kusini, lakini najua wewe umekuja kuuliza bia.

Jambo moja la uzito. Pwani hii inaua watu wasioijua. Yapo mawimbi ya kuvizia: bahari imetulia dakika ishirini, halafu linakuja moja linapanda ufukwe mara mbili ya mengine. Magogo yale mnayoyaona mchangani mnadhani ni viti vya kupigia picha, wimbi likiingia chini yake gogo la tani linaviringika kama kalamu. Msiipe bahari mgongo. Thor's Well kule chini ya Cape Perpetua, lile shimo linalomeza maji, kila mtu anataka picha maji yakiwa yamejaa, na maji yakijaa ndipo mwamba wote ule unaposombwa. Tazameni kutoka juu. Na Pacific City pale Cape Kiwanda kuna uzio, watu wanauruka kila siku, mwamba wa pale ni wa mchanga, unameguka. Ukishakunywa ndiyo kabisa.

Bahasha_Ya_Kaki

Petroli vipi huko, bado ni ile ya kujaziwa? Nilipita zamani nikashuka nijaze mwenyewe, kijana akanikimbilia kama nimemwibia.

Bwana_Ukungu

Sheria ilibadilika 2023, sasa unaweza kujaza mwenyewe. Lakini vituo vingi bado vina pampu zenye mhudumu pia, kwa hiyo ukitaka kukaa ndani mvua ikinyesha, kaa tu, atakuja.

Mkaa_Mvuani

Wakuu nimesoma yote, mara mbili. Nimefuta vituo kumi. Kwa kweli kimoja nilikifuta kwa shida, lakini nimekifuta. Likizo ya Septemba bosi hatoi, kwa hiyo ni Agosti na hopsi kavu.

Dada Chai, swali. Ule usiku wa Manzanita, baada ya ufunguo kuwekwa juu ya paa, nani alianza kuongea? Nauliza kwa sababu simu nimeishika toka saa nne na bado sijabonyeza.

Chai_Ya_Tangawizi

Hakuna aliyeongea nami. Mmoja alienda dukani, akarudi na soksi nzito, akanipa. Nilikuwa nimelowa miguu tangu Cannon Beach na sikumwambia mtu. Alikuwa ameona.

Bonyeza.

Mkaa_Mvuani

Nimebonyeza.

Alipokea akasema "nilijua utapiga wewe, dada hajakupa amani". Nikaomba radhi kwa yale ya kwenye grupu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia ana masharti, na alikuwa ameyaandika, nilisikia karatasi. Ataendesha asubuhi moja tu kati ya nne, kama wengine. Chumba chake tunalipa sisi wanne. Depoe Bay hakuna kuharakishwa, tutakaa pale ukutani hadi aone nyangumi au giza liingie. Nikamweleza habari ya wale wavuvi wa Pacific City na boti za kuteleza, akaniuliza wanaingia saa ngapi, na hilo nimeshindwa kumjibu, dada Chai kama unakumbuka niambie.

Na jamaa wa "dereva tunaye" amepewa zamu ya kwanza. Portland hadi Astoria, saa tatu asubuhi. Yuko grupuni sasa hivi anauliza kiti cha bahari ni kitu gani na kwa nini shemeji ameshakiwekea jina lake.

Chai_Ya_Tangawizi

Wanatoka alfajiri, mimi niliwaona wakirudi kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Siku bahari ikichafuka hawaendi kabisa. Mwambie akae upande wa mwamba, siyo karibu na magari, mchanga wa pale unarukia watu.